"Nyamaza Mwanangu" Si Malezi



Kila mwaka, vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, katika nyumba zetu za pwani, kuanzia Lamu mpaka Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba, husikika wasia mmoja. Sanduku limeshafungwa, mama ameshatia visheti na achari, nauli na ada zimeshapatikana kwa jasho, na baba amesimama mlangoni na mwanawe. Humwambia: "Mwanangu, shika sala zako na shika kitabu chako. Huko uendako utawakuta watu wakibishana habari za siasa, za dini, za makabila na za wanawake. Wewe usiingie. Nyamaza. Ulichokwenda kutafuta ni cheti."

Nusu ya kwanza ya wasia huu ni dhahabu, na mzazi anayemuusia mwanawe sala ana ujira wake kwa Mwenyezi Mungu. Ninayotaka tuizungumze leo ni nusu ya pili. Nakuomba radhi mapema, maana nitasema maneno mazito juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelirithi kwa wazee wetu na tunaliona kuwa ni hekima. Mimi nasema si hekima. Ni khofu, na khofu hii imetutia hasara kubwa, kisha tumekaa tukiuliza hasara imetoka wapi.

Wanabishana nini?

Kwanza tuelewane juu ya hayo mabishano yenyewe. Zamani mwana wa pwani aliyetaka chuo kikuu hakuwa na pa kwenda hapa kwetu ila Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, na waliofika huko walikuwa wachache wa kuhesabika. Leo Kilifi ina Chuo Kikuu cha Pwani na Mombasa ina Chuo Kikuu chake cha Kiufundi, na vyote viwili vilipata hadhi hiyo mwaka 2013. Unguja ina vyuo vikuu vyake, na Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Waislamu kilichoanza mwaka 2005. Watoto wetu wamo humo, wake kwa waume, alhamdulillahi. Na humo hulala chumba kimoja na watoto wa watu wengine, wenye dini nyingine, makabila mengine na malezi mengine. Usiku, masomo yakiisha, huzungumza. Vijana wakizungumza hubishana. Ndivyo walivyo vijana wa kila zama.

Mmoja atamwambia mwanao: "Sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kuwa jambo hilo ni kinyume cha katiba, na Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo mwaka 2019. Nyinyi Waislamu mwasemaje?" Mwingine atauliza: "Kwa nini mshahara wa kadhi utoke katika kodi yangu mimi Mkristo?" Mwingine: "Ardhi ya pwani ni ya nani, na mbona wenyeji wake wengi hawana hati?" Na mwingine, huenda akawa ni binti wa Kiislamu khasa, atauliza: "Mbona mjane akidai fungu lake la urithi huzungushwa na jamaa za marehemu, na wazee wa mtaa wanatazama tu?"

Je, ndugu msomaji, haya ni maswali ya upuuzi? Haya ndiyo mambo yatakayoamua mjukuu wako ataolewa vipi, atarithi vipi na atakaa wapi. Wenye kubishana juu yake leo katika vyumba vya mabweni ndio watakaokuwa mahakimu, wabunge, wakuu wa wilaya na waandishi wa magazeti baada ya miaka kumi au kumi na tano. Nasi twamwambia mwanetu awe pale pale, ayasikie yote, na asiseme neno!

Ukimya unazaa nini?

Mtoto aliyeambiwa anyamaze hawezi kuwa ila mmoja katika wawili.

Wa kwanza ni yule anayetii. Hukaa pembeni, husikia dini yake ikisemwa, na hana la kujibu kwa sababu hakupata kufundishwa kujibu. Nyumbani aliambiwa jambo fulani ni haramu na fulani ni wajibu, lakini alipouliza kwa nini, aliambiwa asiulize sana. Basi anapoisikia hoja ya mwenziwe, na hoja ya pili hana, moyo wake huinama kidogo kidogo upande wa ile aliyoisikia. Hatatangaza kuwa amebadilika. Atarudi likizo, atasali nasi, atakula nasi Idi, nasi tutadhani tumemhifadhi. Ndani yake mmebaki jina tu.

Wa pili ni yule asiyeweza kunyamaza. Huyu ana damu moto na ana uchungu na watu wake. Akikatazwa kuuliza nyumbani, na imamu akimkaripia msikitini, atamtafuta mtu wa kumsikiliza. Na wapo, ndugu yangu, watu wenye masikio mapana sana kwa kijana wa namna hii. Humkuta peke yake, humsikiliza usiku kucha, humpa jibu moja kwa maswali yote, na sharti lao ni kuwa asilisemee jibu hilo mbele ya mwanachuoni yeyote. Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi wa Kiislamu na wa Kikristo, na wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa ni kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Cheti alikuwa nacho. Kile kile tunachowaambia wanetu kuwa ndicho walichofuata, alikuwa nacho, na hakikumkinga.

Hoja ya uovu hufa inapotolewa mbele ya watu, ikapigwa na hoja njema. Hunawiri kizani. Basi mwenye kuyakataza majadiliano ya wazi ajue kuwa hakuyamaliza. Ameyahamisha tu, ameyatoa penye taa na kuyapeleka penye giza.

Dini yetu inasema nini?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa Mtume wetu s.a.w. amemdhamini nyumba pembezoni mwa Pepo yule anayeacha ubishi hata kama haki iko upande wake. Naam, hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud, nasi tunaipokea kwa kichwa na macho. Lakini kilichotajwa ndani yake ni mirai, nayo ni kubishana kwa ajili ya kubishana, kwa kutaka kushinda na kumuaibisha mwenzio. Kama kila kujadiliana kungekuwa ni makosa, Mwenyezi Mungu asingemuamrisha Mtume wake katika Surat an-Nahl, aya ya 125, kuwaita watu kwa hekima na mawaidha mema, na kujadiliana nao kwa njia iliyo bora zaidi. Mtu haamrishwi kufanya vizuri jambo aliloharimishiwa.

Na katika Qurani Tukufu imo sura nzima iliyopewa jina kwa sababu ya mwanamke aliyejadiliana na Mtume s.a.w. Ni Surat al-Mujadila. Mwanamke huyo ni Bibi Khawla bint Tha'laba, ambaye mumewe alimtamkia maneno ya kijahilia ya kumfananisha na mgongo wa mamaye. Alikwenda kwa Mtume kushitaki, akaambiwa lile lililojulikana wakati huo, naye hakunyamaza. Aliirudia hoja yake, akataja udhaifu wake na watoto wake. Je, Mwenyezi Mungu alimkemea kwa kuwa na ulimi? La. Aliteremsha aya kuwa ameyasikia maneno yake, na akaiondoa dhulma ile kwa ajili yake na kwa wanawake wote waliokuja baada yake. Mzazi anayemwambia binti yake kuwa sauti ya mwanamke mbele ya hoja ni utovu wa adabu, na aisome sura hii kwanza.

Nitakutajia na jambo la vijana khasa. Mwaka wa tatu wa Hijra, Makureshi walipokuja kuishambulia Madina, rai ya Mtume s.a.w. ilikuwa Waislamu wabaki mjini. Vijana waliokosa vita vya Badr walisimama na rai nyingine, wakataka watoke nje wakapigane. Mtume aliwasikiliza, akatoka, na ikawa vita vya Uhud. Unajua kilichotokea. Waliuawa Maswahaba kiasi cha 70, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Kama ingekuwa ni sisi, tungesema: "Mwaona! Haya ndiyo matunda ya kuwasikiliza watoto. Kuanzia leo hakuna kijana kufungua kinywa." Lakini katika Surat Aal Imran, katika aya zilizoteremka baada ya msiba ule ule, Mwenyezi Mungu alimuamrisha Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Baada ya Uhud, si kabla! Wasia wa Mwenyezi Mungu baada ya kosa la vijana ni kuendelea kuwashauri. Wasia wetu sisi, kabla hata hawajakosa, ni kuwaziba midomo.

Gharama ya kukosa wasemaji

Sasa tutoke katika mas-ala ya dalili tuingie katika mambo ya dunia yaliyotupata wenyewe.

Mwaka 1972 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya urithi, iliyokusudiwa kuwa moja kwa wote. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Maana yake kwa Muislamu ilikuwa kwamba mafungu aliyoyagawa Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Surat an-Nisaa yawekwe kando, na mali ya maiti wa Kiislamu igawanywe kwa kipimo kingine. Waislamu walilalamika na wakapinga. Ilikuwa mpaka mwaka 1990 ndipo sheria ikabadilishwa na mali ya Muislamu ikatolewa ndani yake. Hesabu mwenyewe: miaka 18 tangu kupitishwa, na miaka 9 tangu kuanza kutumika. Sheria haibadiliki kwa manung'uniko ya barazani baada ya isha. Hubadilika kwa mtu anayeijua ibara yake, anayesimama mbele ya wasiokubaliana naye, akawaeleza mpaka wakamuelewa. Watu wa namna hiyo tulikuwa nao wangapi?

Likaja la mahakama za kadhi. Katiba mpya ya Kenya ilipokuwa ikitungwa, viongozi kadhaa wa makanisa walifungua kesi mwaka 2004 kuzipinga mahakama hizo kuwemo katika katiba, na mwezi wa Mei 2010 Mahakama Kuu ikawapa haki. Miezi michache tu baadaye, tarehe 4 Agosti 2010, ilikuwa siku ya kura ya maoni. Katika muda ule mjadala uliingia bungeni, redioni, makanisani, misikitini na vyuoni. Kijana wetu aliyelelewa kwa kunyamaza alikuwa na neno moja tu la kusema: "Ni haki yetu!" Akiulizwa haki hiyo imetoka wapi, alipandisha sauti. Na wahenga wameshatuambia kuwa mwenye kelele hana neno.

Lakini aliyezoea kujadiliana aliweza kumwambia mwenziwe kwa upole: "Ndugu yangu, mahakama hizi hazikuletwa leo. Zilikuwako kabla ya uhuru. Oktoba 1963, ukanda wa pwani ulipokuwa ukitolewa katika mamlaka ya Sultani wa Zanzibar na kuunganishwa na Kenya, viongozi wa pande mbili waliandikiana, na katika waliyoahidiana ni kuhifadhiwa kwa kadhi. Zikaingia katika katiba ya uhuru. Wala kadhi hana mamlaka juu yako wewe Mkristo. Kazi yake ni ndoa, talaka, urithi na hali za watu binafsi, baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake." Hayo yote ni kweli, na ndivyo vilivyokuja kusema vifungu vya 169 na 170 vya katiba iliyopitishwa.

Na kijana huyu, kwa kuwa alisikiliza, alijifunza pia kuwa mwenziwe hakuwa adui wa Mungu. Swali la kwamba dola isiipendelee dini moja juu ya nyingine ni swali la haki, nalo lataka kujibiwa, si kutukanwa. Hata yule binti aliyeuliza habari za mjane alikuwa na haki ya jibu. Ikiwa twataka nchi nzima itulindie mahakama ya kadhi, basi juu yetu sisi kwanza kuhakikisha kuwa mjane anayeingia humo anatoka na fungu lake. Hilo hatukuambiwa na mpinzani wetu ila kwa sababu sisi wenyewe tuliambizana tunyamaze.

Khofu ya wazazi

Mzazi ataniambia: "Wewe wasema hivyo kwa sababu si mwanao atakayefukuzwa." Neno hili sitalipuuza, maana lina historia nyuma yake.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa, na zaidi ya 300 wakafukuzwa na kurudishwa kwao. Mwaka 1970 gazeti la wanafunzi lililoitwa Cheche lilipigwa marufuku hapo hapo chuoni. Agosti 1982, baada ya jaribio la kuipindua serikali ya Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka, na wako wanafunzi waliotiwa jela. Juni 2024 vijana wa Kenya, wengi wao wanafunzi, walitoka kuupinga mswada wa fedha. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, wakapigwa risasi, na wako waliokufa. Siku ya pili yake Rais akatangaza kuwa hautii sahihi mswada ule. Mama aliyezika mtoto mwezi ule hafarijiki kwa kuambiwa kuwa mswada uliondolewa. Khofu ya mzazi ni haki yake.

Lakini hebu litazame vizuri lile la mwaka 1966. Wanafunzi wale walikuwa na hoja ndani ya madai yao. Walisema kuwa haifai wao kukatwa mapato hali wakubwa wa serikali wana mishahara minono. Na pia walibeba bango lililosema kuwa ukoloni ulikuwa bora. Mwalimu Nyerere alipowasikiliza alighadhibika mno, akawafukuza. Lakini katika mkutano ule ule alikiri kuwa mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akatangaza kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20, na ya mawaziri ikafuatia. Basi zingatia, ndugu msomaji. Hoja yao ilisikilizwa hata na aliyewaghadhibikia. Bango lao la hasira ndilo lililowachoma. Kama pangekuwa na mtu aliyewafunza tangu nyumbani kutenganisha hoja na tusi, huenda siku ile ingekwisha kwa namna nyingine.

Hapo ndipo penye jibu la khofu yako. Mtoto asiyefundishwa kujadiliana hatakaa kimya milele. Siku atakayosema, atasema kwa bango la hasira au kwa jiwe, kwa sababu njia ya katikati hukumuonyesha. Wewe wadhani kumnyamazisha ni kumuepusha na jiwe, kumbe ndiko kunakomkabidhi.

Neno kwa wanafunzi

Nanyi vijana wetu msome haya mkidhani kuwa nimekuja kuwapigia makofi? La. Nina neno nanyi, na si jepesi.

Wengi wenu hamjadiliani. Mnashabikia, kama watu wa mpira. Mtu huchagua upande kwanza kwa sababu ya kabila lake, chama chake au sheikh wake, kisha ndipo akatafuta hoja ya kuuvisha upande huo. Mkibishana juu ya maulidi, jioni moja yatosha nusu ya jamaa kuwatoa nusu ya pili katika dini. Mkibishana juu ya siasa, mwenye rai nyingine mwamwita aliyenunuliwa. Jambo mlilosikia asubuhi bila ya kulihakiki, adhuhuri mmeshalipitisha katika simu mia. Surat al-Hujurat imekataza dharau, lakabu mbaya, dhana mbaya, na kuipokea habari ya fasiki bila ya kuihakiki. Nionyesheni ubishi wenu mmoja wa usiku ambao haukuyavunja hayo yote manne.

Sisi watu wa pwani twajivunia kuwa ni Mashafii. Basi mjue Imamu wenu alikuwa mtu gani. Imam Shafii alisoma kwa Imam Malik Madina, kisha akaenda Iraq akajadiliana na Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, na huku wakibishana alikuwa akisoma kwake na kuviandika vitabu vyake. Amebishana na mtu na huku ni mwalimu wake! Imepokewa kwake kuwa hakuwa akijali haki idhihiri kwa ulimi wake au kwa ulimi wa mwenziwe, alimradi idhihiri. Na siku moja, baada ya kukhitilafiana na mwenziwe katika mas-ala, alimkuta akamshika mkono, akamuuliza kama hawawezi kuwa ndugu hata kama hawakuafikiana katika jambo hata moja. Naye Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, amezitaja afa za munadhara moja moja: hasadi, kibri, chuki, kusengenya na kufurahia aibu ya mwenzio. Akasema kuwa mwenye kuitafuta haki ni kama mwenye kutafuta kitu kilichompotea. Akikiona mwenziwe kabla yake, humshukuru. Nani katika nyinyi aliyepata kumshukuru aliyemshinda?

Basi shikeni mambo matano. La kwanza, usiingie katika mjadala ambao hujausoma. Neno "sijui" ni nusu ya elimu, wala halimvunjii mtu heshima. La pili, kabla ya kumjibu mwenzio, isimulie rai yake mwenyewe mpaka akubali kuwa ndivyo alivyosema. La tatu, piga hoja, usimpige mtu, wala usiguse mama yake, kabila lake wala umaskini wake. La nne, haki ikidhihiri kwa mwenzio, ikubali hapo hapo mbele ya watu. La tano, ukighadhibika nyamaza. Hapo, na hapo peke yake, ndipo penye ule wasia wa babako. Mwenyezi Mungu aliwatuma Musa na Harun kwa Firauni, aliyekuwa akichinja watoto na kudai uungu, akawaamrisha wamwambie maneno laini. Mwenzio wa chumbani hakufika kuwa Firauni, wala wewe hukufika kuwa Musa.

Neno kwa wazazi

Nanyi baba zangu na mama zangu, siwaombi mfungue chuo. Naomba jambo dogo lililo katika uwezo wa kila nyumba.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha pale Mombasa katika mwaka 1930 karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Humo aliyasema waziwazi mambo ambayo wengi waliona yasisemwe: ujinga wetu, israfu zetu za harusi na matanga, na kuachwa nyuma kwetu katika elimu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alifika Makerere na kuwa mwalimu ambaye watu walijaa ukumbini kumsikiliza. Mwaka 1970 alijadiliana huko na Walter Rodney mbele ya wanafunzi, na hao walikuwa watu wawili walioachana mno katika rai za siasa. Mtoto wa mwanachuoni wa pwani hakuogopa ukumbi. Nani atashangaa, ikiwa nyumba aliyotoka ilikuwa ni nyumba ya kalamu na hoja?

Basi anzeni nyumbani. Baina ya maghrib na isha, au baada ya chakula cha Ijumaa, mkae na wanenu, wake kwa waume. Lichukueni jambo moja linalobishaniwa nchini. Mwanao aseme rai yake, na nduguye aseme kinyume chake. Wewe mzee usikate shauri mapema. Uliza tu: "Dalili yako ni ipi? Na mwenzako akikwambia hivi, utamjibuje?" Swali likikushinda, usione haya. Mwambie: "Mwanangu, hili sina jibu lake. Kesho twende pamoja tukamuulize maalim." Neno hilo moja litamfunza mwanao zaidi ya karipio mia, maana litamuonyesha kuwa katika dini hii mtu huuliza, na kwamba pana mlango wa kubisha hodi. Kijana aliyeuzoea mlango huo hatakwenda kugonga wa shetani usiku.

Nanyi maimamu na walimu wetu, kijana wa chuo akisimama baada ya darasa akauliza swali la kuudhi, msimkaripie mbele ya watu. Huenda swali hilo si lake. Huenda ameulizwa nalo chumbani, hakuwa na jibu, akaenda mbio mpaka kwenu.

Na siku ile ya safari, sanduku likishafungwa, simama na mwanao mlangoni kama alivyosimama baba yako nawe. Muusie sala. Muusie kitabu. Kisha mwambie: "Huko utawakuta watu wakijadiliana. Sikiliza kuliko unavyosema. Lakini ukiulizwa habari za dini yako na watu wako, usiinamishe kichwa. Sema unalolijua, kwa dalili na kwa adabu. Usilolijua lilete nyumbani, tutalitafuta pamoja."

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Amin.